Jambia la Babu: Limetoka Wapi, Lina Umri Gani?

Katika nyumba kadha wa kadha za huku Kahama, pande za Buzwagi, huonekana jambia la kale lililohifadhiwa sandukuni, na wenyewe wakiulizwa hujibu, "Hilo ni la Kituruki." Mwanafunzi wetu mmoja alituletea jambia la babu yake hapa chuoni. Mfanya biashara mpita njia alikuwa amekwisha kuliweka katika mzani wake wa dhahabu, akataka kulinunua kwa uzito wa fedha yake apate kuiyeyusha. Mzee akakataa mpaka ajue kwanza ni kitu gani anachokiuza.

Basi tulianza na ala. Ala ya jambia hili imekunjika kama kiwiko cha mkono, nayo ina pete saba za fedha. Hiyo ni kazi ya Oman. Majambia ya kawaida ya huko huwa na pete nne. Yale ya pete saba huitwa Saidi, kwa jina la ukoo wa Busaidi waliotawala Oman na Unguja. Ala ya Yemeni hupinda mfano wa ndoana, hushonewa mkanda mpana, na mpini wake mara nyingi hutiwa vipande viwili vya mviringo kama sarafu.

Na Waturuki je? Kisu chao mashuhuri, yatagani, hakifanani na haya hata kidogo: ubapa wake huinama kwa mbele, na kichwa cha mpini hutokeza masikio mawili. Tena fedha yao iliyopimwa na serikali hupigwa muhuri wa tughra, yaani jina la Sultani lililoandikwa kwa mistari iliyosukwa. Tulitafuta muhuri huo, tusiuone. Ni kweli kwamba Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alifika pwani yetu na merikebu zake, akakamatwa na Wareno Mombasa mwaka 1589. Lakini huku bara Waturuki hawakutawala kamwe.

Waarabu wa Oman na Unguja, hao ndio waliofika. Burton na Speke waliwakuta wamekwisha kujenga Tabora mwaka 1857, wakinunua pembe za ndovu. Wala si lazima Mwarabu ndiye aliyelileta jambia hili. Wazee wetu wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa wapagazi, waliotembea kwa miguu hadi Bagamoyo na kurudi, na mpagazi mwenye mshahara hushindwaje kununua kitu kizuri?

Umri ni jambo gumu zaidi. Katika mkanda wa jambia palishonwa riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, na yule mfanya biashara alikuwa ameushika mwaka huo kwa nguvu. Lakini Maria Theresa alikufa mwaka huohuo wa 1780, na riale zake ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, zote zikiandikwa 1780. Riale hiyo haitupi umri wa jambia. Tena ubapa waweza kuwa mkongwe na mpini kuwa mpya, maana mafundi walikuwa wakibadilisha. Ukiona parafujo za kiwandani badala ya misumari iliyofuliwa, ujue mkono wa juzi umepita hapo. Na mpini ukiwa wa pembe ya kifaru, mjihadhari: biashara ya pembe hiyo baina ya mataifa ilikatazwa mwaka 1977.

Shahidi bora ni mwaka ulioandikwa. Mwaka wa Hijra huzidishwa kwa 97, ukagawanywa kwa 100, kisha ukaongezwa 622. Hivyo 1270 ni kama 1854. Katika ubapa wa jambia letu tuliona tarakimu mbili za Kiarabu, moja na mbili, kisha weupe mtupu. Mzee alikuwa amelisugua kwa msasa kabla ya kutuletea, apate kutupa kitu safi. Kwa hiyo twajua ni baina ya 1785 na 1882 tu. Miaka mia karibu, iliyopotea kwa kazi ya asubuhi moja.

Tulimweleza. Alikaa kimya kitambo, akaliviringisha jambia katika kaniki, akamwambia mjukuu wake ampelekee yule mfanya biashara habari kwamba haliuzwi, na msasa arudishiwe seremala.