Dripu Si Kipimo cha Huduma

Msikilizaji, kaa nje ya wodi yoyote jioni ya saa za kuona wagonjwa, hutakosa kusikia lalamiko hili: "Tangu asubuhi yuko pale, hata dripu hawajamtundikia!" Kwetu dripu ndiyo ushahidi kwamba mtu ametibiwa. Chupa ikining'inia, ndugu wanapumua. Leo nasema tuache kuipima huduma kwa chupa hiyo, hasa mgonjwa anapokuwa na sepsisi.

Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi unaanza kujiumiza wenyewe. Presha inashuka, figo zinagoma, mgonjwa anaweweseka. Mwaka 2001 Dkt. Emanuel Rivers na wenzake, katika hospitali ya Henry Ford huko Detroit, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 263 wa namna hii. Hoja yao ilikuwa kwamba tiba isingoje kitanda cha wagonjwa mahututi. Ianzie pale pale mapokezi ya dharura, ndani ya saa 6 za kwanza, na ifukuzie malengo ya namba. Wastani wa presha usishuke chini ya 65. Mrija uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa hadi karibu na moyo uonyeshe oksijeni ya asilimia 70 katika damu inayorudi. Namba haijafika? Ongeza maji, dawa ya kupandisha presha, hata damu. Katika kundi lililotibiwa hivyo walifariki asilimia 30.5, katika kundi la tiba ya kawaida, asilimia 46.5. Miongozo ya nchi nyingi ikaandikwa kufuata njia hiyo.

Mwaka 2014 na 2015 zikaja tafiti tatu kubwa zilizoijaribu upya njia hiyo, za Marekani, Australia na nchi nyingine kadhaa, na Uingereza, zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa jumla. Ile tofauti ikayeyuka. Kwa maoni yangu hilo halimvunjii Rivers heshima. Miaka ilikuwa imepita, na madaktari wa kawaida walishajifunza kuitambua sepsisi mapema na kutoa antibiotiki upesi. Mrija wa gharama haukuwa na cha kuongeza.

Lakini somo zito zaidi lilikuwa limeshatolewa hapa kwetu. Kilifi nchini Kenya, Muheza kule Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, timu ya mtafiti Kathryn Maitland, akiwemo Sarah Kiguli wa Makerere, iliwafuatilia watoto 3,141 waliofika na homa kali na dalili za mshtuko: mikono ya baridi, mapigo dhaifu, usingizi usio wa kawaida. Wengine waliongezewa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa, kama vitabu vilivyoelekeza. Wengine wakapewa maji ya kiasi cha kawaida tu, polepole. Antibiotiki, dawa ya malaria, oksijeni na damu vilitolewa kwa wote waliovihitaji. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji walikufa takriban asilimia 10.5. Kati ya wasiomiminiwa, asilimia 7.3.

Na hapa naomba usikilize vizuri. Baada ya saa moja, waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Mikono ilipata joto, dalili za mshtuko zikapungua. Muuguzi yeyote angefurahi, mama yeyote angeshukuru. Lengo lilifikiwa, kisha watoto wakafa kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Lusaka, Zambia, nako, mwaka 2017, ikachapishwa habari ya aina hiyo kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha katika saa 6 za kwanza walifariki asilimia 48.1. Waliotibiwa kama kawaida ya hospitali ile, asilimia 33. Ukiwa na malaria, upungufu wa damu au kifua kikuu, na wodi haina mashine ya kukusaidia kupumua, mwili wako hauko katika hali ya yule wa Detroit.

Kinachoniudhi ni mwendo wa kinyonga wa miongozo. Mwaka 2014 Kiguli na wenzake walilazimika kuandika katika jarida la BMJ kulalamika kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mpya bila kuzingatia ushahidi ule. Watoto wetu ndio waliotoa ushahidi, na watoto wetu ndio waliosubirishwa!

Nisieleweke vibaya. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji, na haraka. Wa namna hiyo hawakuhusishwa katika utafiti wa Kilifi na Muheza. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua naye ana habari yake. Usimzuie daktari kwa sababu ulisikia redioni.

Ninachodai ni kingine. Katika yale ya Detroit, kilichobaki imara ni haraka ya kutambua, haraka ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na jicho linalorudi kwa mgonjwa mara kwa mara. Sasa nenda uone hospitali zetu. Mgonjwa anahema juu juu, hajakojoa tangu jana, na ndugu yake yuko kwenye foleni ya malipo, kisha dirisha la dawa, kisha anaambiwa akanunue nje. Mishipani hakuna dawa bado, ila chupa ya maji imeshatundikwa. Basi dozi ya kwanza iwekwe kwenye kabati la mapokezi ya dharura, itolewe kabla ya risiti, na saa iliyotolewa iandikwe kwenye faili. Mganga mkuu akipita asubuhi aanze kwa kuisoma saa hiyo. Na wewe ndugu wa mgonjwa, ukifika kitandani, uliza kwa adabu: antibiotiki amepewa saa ngapi, na nani amemwangalia tena baada ya hapo?