Chumba cha Maabara Hakifundishi

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakufunzi wa vyuo vya ualimu na maofisa wa elimu.



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huonekana dogo wakati bajeti ya chuo inapopangwa, lakini ambalo matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye katika madarasa na zahanati zetu. Jambo lenyewe ni mafunzo ya baiolojia ambayo mwanachuo huyafanya kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya maabara.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 wananchi wa Tanzania walihimizwa kuchangia ujenzi wa vyumba vya maabara za fizikia, kemia na baiolojia katika shule za sekondari za kata. Ilikuwa kazi kubwa, na wengi waliitoa jasho lao. Lakini chumba hakifundishi. Anayefundisha ni mwalimu. Na mwalimu ambaye chuoni hakupata kushika hadubini ataufunga mlango wa chumba hicho na kurudi ubaoni kuchora. Tusikimbilie kumwita mvivu. Huyo ana hofu. Anaogopa kuvunja kioo, anaogopa moto, na zaidi ya yote anaogopa jaribio lisije likamshinda mbele ya wanafunzi wake.

Tuchukue mfano ambao kila mwalimu wa somo hili anaufahamu. Kitabu husema kwa sentensi moja kwamba jani hutengeneza wanga kwa msaada wa mwanga. Maabarani sentensi hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Mmea huwekwa gizani kwa siku mbili hivi ili wanga uliomo katika majani utumike. Kisha sehemu ya jani hufunikwa kwa karatasi nyeusi, na mmea ukaachwa juani kwa saa kadhaa. Jani huchumwa, likachemshwa kidogo katika maji, halafu likatiwa katika spiriti mpaka rangi ya kijani itoke. Spiriti haiwekwi juu ya moto, kwa kuwa huwaka upesi. Chombo chake hutumbukizwa katika maji ya moto baada ya moto kuzimwa. Mwisho jani husuuzwa na kudondoshewa iodini. Palipopata mwanga hugeuka buluu iliyokoza karibu na nyeusi. Palipofunikwa hubaki na rangi ya hudhurungi ya iodini yenyewe.

Je, ikiwa jani lote limekuwa jeusi? Mwalimu aliyepata kukutana na hali hiyo chuoni atauliza kama mmea ulikaa gizani muda wa kutosha, na kama karatasi ilipitisha mwanga, kisha atarudia. Ambaye hakupata kukutana nayo atawaambia wanafunzi waandike kama kitabu kinavyosema. Ndugu zangu, hapo ndipo penye hasara kubwa. Siku hiyo wanafunzi wamefundishwa kuandika wasichokiona.

Mazoea hayo hayaishii shuleni. Mwongozo wa kupima malaria kwa hadubini humtaka mpimaji achunguze maeneo yasiyopungua 100 ya tone nene la damu kabla ya kuandika kwamba hakuona vimelea. Hakuna msimamizi anayehesabu maeneo hayo pamoja naye. Yupo peke yake na dhamiri yake, na mgonjwa anasubiri nje. Kama shuleni alizoeshwa kuandika jibu linalotarajiwa, atakayeilipa gharama hiyo ni mtoto mwenye homa.

Ugunduzi wenyewe wa njia ya malaria ulitokana na subira ya namna hiyo. Ronald Ross alipasua mbu wengi nchini India bila mafanikio, kwa kuwa hawakuwa wa jamii inayohusika. Hakujiandikia jibu alilolitaka. Mwezi Agosti 1897, huko Secunderabad, ndipo alipoona katika ukuta wa tumbo la mbu wa jamii nyingine dalili za kimelea alichokuwa akikitafuta.

Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa baiolojia mjini Tabora kabla ya kuingia katika siasa kwa ukamilifu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alionya dhidi ya kudhani kwamba maarifa yote yenye thamani hupatikana vitabuni. Onyo hilo bado linatuhusu.

Najua mtasema kwamba vifaa ni ghali. Ni kweli kwa hadubini, nayo haina badala. Lakini vipande vya kiazi katika maji ya chumvi na katika maji matupu, hamira katika maji ya sukari, na ngozi nyembamba ya kitunguu havihitaji kuagizwa ng'ambo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wanaopanga fedha watenge kila mwaka fungu la kemikali na vifaa vinavyovunjika, maana maabara haijengwi mara moja ikaisha. Pili, wanachuo wagawanywe katika vikundi vidogo, kila mmoja ashike na kufanya. Mkufunzi mmoja kuonyesha huku darasa zima likitazama ni maonyesho, wala si mafunzo. Tatu, daftari la maabara lipewe alama kwa ukweli wake. Mwanachuo aliyeandika kwamba jaribio halikufaulu, na akaeleza sababu, asipate alama pungufu kuliko aliyenakili jibu sahihi.

Wananchi wametimiza sehemu yao kwa kuchangia kuta na mapaa. Sehemu iliyobaki ni yetu.