Mashariki na Magharibi: Kupanga Makaburi ya Jiji Linalokua



Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo tunalitafutia shule, maji na barabara. Makaburi hatuyakumbuki mpaka siku jeneza linapopitishwa juu ya makaburi ya wengine kwa kukosa njia.

Kaburi la mtu mzima, pamoja na nafasi ya kupita, linachukua kama mita 5 za mraba. Hekta moja basi inatoa makaburi 2,000, kabla hujatenga barabara na miti. Chukueni manispaa ya watu 500,000, mkadirie vifo 6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka: vifo 3,000. Hata thuluthi wakisafirishwa kuzikwa kwao, hekta nzima inakwisha kila mwaka.

Halafu udongo. Chimbeni shimo la futi 6 mwishoni mwa masika, mrudi kesho yake asubuhi. Mkikuta maji, tafuteni pengine, maana visima vya majirani navyo vimo hatarini. Mchanga wa pwani una tabu yake: mwanandani unabomoka kabla maiti hajashushwa, ndiyo maana wachimbaji huchimba mfereji katikati ya kaburi na kuufunika kwa viunza. Haya mchimba kaburi anayajua vizuri, lakini sijapata kuona kikao cha mipango miji kilichomwita. Nairobi ililipia ekari 120 za makaburi huko Mavoko, ardhi ikaonekana haifai kuzikia, na kesi zikaenda miaka.

Tofauti za dini wengi huzitatua kwa ukuta. Siafiki. Tangu sensa ya 1967 hatujaulizana dini, kwa hiyo anayekata eneo mafungu anakisia tu: upande mmoja utajaa, wa pili utaota majani. Na jiografia imetupendelea mno. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kichwa kinakuwa mashariki, miguu magharibi. Mkristo, kwa desturi ya kale ya makanisa, huelekezwa miguu mashariki. Vichwa vinapishana, mstari ni ule ule! Mpangaji wa London hana bahati hiyo; kwake kibla ni kusini-mashariki, kinakata safu zake mshazari. Sisi tunaweza kuchora safu mara moja kwa eneo zima, kisha tufungue kitalu baada ya kitalu, kila kimoja kwa imani inayokihitaji wakati huo. Wahindu watengewe mahali pa kuchomea maiti, penye maji ya kutosha na kivuli cha wafiwa.

Kinachotofautiana kweli ni saa. Waislamu hawangoji, akifa asubuhi huenda akazikwa baada ya Alasiri, hivyo msimamizi asikosekane wala taa zisikosekane. Wakristo wanaweza kungoja ndugu wa mbali, kisha wakaja na mabasi matatu na kipaza sauti. Lango moja linatosha wote. Maegesho ndiyo yatawagombanisha.

Vigae, vijumba na vyuma vya kuzungushia makaburi ningevipiga marufuku, hata kwa wenye uwezo, kwani ndivyo vinavyomeza njia. Kila kaburi liwe na mashahidi mafupi na namba iliyomo daftarini. Najua familia zitanuna.

Wapo pia wale ambao halmashauri huwazika bila jamaa, maiti wasiotambuliwa. Dini zao hazijulikani, na mara nyingi hutupwa pembeni kwenye uzio. Wapewe kitalu chao ndani ya safu zile zile, wapangwe kwa tarehe, kila mmoja na namba ya jalada lake la polisi, ili ndugu akija hata baada ya miaka 5 aonyeshwe kaburi lenyewe.