Khofu ya Mja Mzito na Majibu ya Vipimo

 

Nimetakiwa na wazee wa Jumuiya niseme machache juu ya jambo ambalo zamani halikuwa likiletwa mbele ya masheikh, nalo ni la mwanamke mwenye mimba kurudi kutoka hospitali na karatasi isemayo kwamba mtoto aliye tumboni yawezekana ana kasoro. Bibi zetu walingoja miezi tisa ndipo wakajua. Binti zetu wa leo hapa Uganda, wale wanaoipata altrasaundi, huweza kuonyeshwa umbo la mwana kabla mimba haijafika nusu. Ni neema, wala sioni kwamba yapingana na Aya ya mwisho ya Surat Luqman, kwani tabibu aona kivuli cha kiwiliwili tu. Ajali ya mtoto, riziki yake na mwisho wake ziko kwa Mola wake.

Kwanza yatupasa kufahamu karatasi yenyewe yasema nini. Kuna vipimo vya kukisia na kuna vipimo vya kuthibitisha, na watu wengi huvichanganya. Mwanamke akiambiwa kwamba nafasi ya mtoto wake kuwa na hali ya Down ni 1 katika 150, hurudi nyumbani akilia kama aliyekwisha hukumiwa, na kumbe hesabu hiyo hiyo yasema kwamba kati ya wanawake 150 walio kama yeye, 149 watarajiwa kuzaa mtoto asiye na hali hiyo. Kuthibitisha ni jambo jingine: huchotwa maji ya chupa kwa sindano, tangu wiki ya 15, kwa mkono wa tabibu bingwa, nako kuna hatari ndogo ya kuiharibu mimba. Basi muulizeni tabibu: "Ulichokiona ni dhana au ni yakini?" Si utovu wa adabu kuuliza hivyo. Sisi tuliosoma fiqhi twaijua tofauti ya maneno hayo mawili, na ajabu ni kwamba twaisahau tukifika mlango wa hospitali.

Mume mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri. Mkewe alikuwa amepigwa picha akaambiwa kichwa cha mtoto kina maji mengi kupita kiasi. Hakuja kuniuliza habari za mtoto. Alikuja kuuliza kama yafaa amrudishe mke kwao mpaka azae, kwa kuwa majirani walimwambia kwamba balaa imetoka ukoo wa kikeni, na wengine wakasema mke alimcheka kilema. Nilimwambia kwamba maneno hayo hayana asili katika dini wala katika utabibu, na kwamba mimba ile ni yake kama ilivyo ya mkewe. Mwanamke yule hakuhitaji hirizi. Alihitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi la hospitali.

Kisha nikamwuliza kama amepata kusikia habari za Mbale. Huko iko hospitali ya watoto ya CURE, itibuyo kichwa maji na mgongo wazi. Tabibu Benjamin Warf, aliyefanya kazi huko, aliendeleza njia ya kufungua pito la maji ndani ya ubongo kwa chombo chembamba chenye kuonea, hata watoto wengi wakaepukana na ule mpira utiwao kichwani, ambao huweza kuziba ukamwua mtoto aliye mbali na tabibu. Sisemi wote hupona. Wako wanaobaki na udhaifu, na wako wanaofariki. Walakini aliyejua mapema huweza kupanga mahali pa kuzalia na nauli ya safari. Hospitali hiyo ni ya Wakristo, nayo hupokea watoto wa kila dini, basi asijizuie mtu kwa sababu hiyo.

Ama swali la kuitoa mimba, huulizwa kwa kunong'ona, nami nitalijibu kwa sauti. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1990, liliamua kwamba kabla ya siku 120 yaweza kuruhusiwa kwa ombi la wazazi wote wawili, ikiwa jopo la matabibu mabingwa waaminifu limethibitisha kasoro kubwa isiyo na dawa. Baada ya siku hizo haifai, illa maisha ya mama yakiwa hatarini. Wako wanavyuoni, hasa Wamaliki, wakazao zaidi, na sheria ya Uganda nayo ina mipaka mikali. Tena angalieni hesabu: matabibu huanza kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, hivyo siku 120 za mimba ni kama wiki 19 zao. Anayekaa na karatasi mwezi mzima kwa haya, wakati humpita kabla hajauliza.

Na kwa mimba ijayo, dawa ya asidi ya foliki hupunguza sana hatari ya mgongo wazi, lakini uti wa mgongo hufunga siku ya 28 hivi, kabla wengi hawajajijua kuwa wana mimba. Basi hunywewa mwezi mmoja kabla, na kuendelea hadi wiki ya 12. Aliyekwisha kupata mtoto wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, naye amwone tabibu. Fedha ya kuinunua ni juu ya mume.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum.