Meya wa Kura ya Wananchi

Msikilizaji, Mei 2012 serikali ya Uingereza iliitisha kura ya maoni katika majiji 10 kwa siku moja. Swali lilikuwa moja: mnataka meya mtakayemchagua wenyewe, au mbaki na kiongozi anayechaguliwa na madiwani wenzake? Majiji 9 yalikataa, Birmingham na Manchester yakiwamo. Bristol peke yake, jiji la bandari upande wa magharibi, lilikubali.

Lilikubali, lakini hesabu yenyewe ni hii: waliopiga kura hawakufika hata robo ya waliojiandikisha. Ndiyo zilikuwa 41,032, hapana 35,880. Jiji la watu zaidi ya laki nne likabadilishiwa utawala kwa tofauti ya kura elfu tano na ushei.

Novemba wakamchagua George Ferguson, msanifu majengo asiye na chama, maarufu kwa suruali zake nyekundu. Mwaka 2016 akaangushwa na Marvin Rees wa chama cha Labour, mtoto wa baba Mjamaika. Kufikia hapo manung'uniko yalishakuwa mengi: mtu mmoja anaamua, madiwani wamebaki kupiga soga. Watetezi wa meya nao wakakumbusha jinsi zamani viongozi wa baraza walivyokuwa wakibadilishwa kila mara. Mei 2022 wananchi wakaulizwa tena. Safari hii 56,113 wakachagua kamati za madiwani, 38,439 wakamtaka meya. Cheo kikafutwa Mei 2024.

Wapo wanaosema watu wa Bristol ni vigeugeu. Mimi siwalaumu. Mwaka 2012 waliulizwa habari ya kiti; madaraka na fedha za mwenye kiti hawakuelezwa sawasawa. Serikali kuu ilisema hayo yatazungumzwa baadaye!

Sasa tazama Manchester, waliokataa. Mwaka 2017 walipata meya wa kuchaguliwa na wananchi wa eneo zima la Greater Manchester, Andy Burnham; cheo hicho kiliundwa kwa makubaliano ya viongozi wa halmashauri na serikali kuu. Kura ya maoni haikuitishwa, jambo ambalo kwangu ni kasoro kubwa. Lakini meya huyo alipewa kazi inayoonekana: kuanzia Septemba 2023 mabasi ya huko yakaanza kurudi chini ya usimamizi wa umma, yeye akiamua njia na nauli. Mwananchi akichelewa kazini anajua wa kumlaumu.

Hapa Tanzania meya huchaguliwa na madiwani, na mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha za jiji, huteuliwa na Rais. Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka meya apigiwe kura na wananchi wote, nakuunga mkono kwa sharti moja. Kabla ya karatasi ya kura kuchapishwa, tuandikiwe mkurugenzi atawajibika kwa nani, na meya atakuwa na sauti gani juu ya fedha za jiji. Pasipo hayo, kura yangu ni hapana.