Cha Ghala na Cha Oda



Nimeombwa niseme juu ya kupanga kazi za kiwanda kwa kompyuta. Nitachukua kiwanda cha uchapaji, ambacho nakifahamu. Madaftari huchapwa kabla mnunuzi hajafika: programu hutazama ghala, na akiba ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, huagiza kazi mpya. Karatasi za kura sivyo. Haziwezi kuchapwa kabla wagombea hawajateuliwa. Programu husubiri oda, na kila bunda huandikwa kwa jina la oda hiyo.

Sasa vijana, sikilizeni, maana hapa hata wataalamu hupita mbio. Alama ya ghala au ya oda huwekwa kwa kila kitu, si kwa kiwanda kizima. Kura yenyewe ni ya oda, lakini karatasi tupu na wino wake ni vya ghala. Ukivitia alama ya oda, utaanza kuvitafuta siku ya uchaguzi imekwisha tangazwa, na meli ingali baharini. Na madaftari yakipewa alama hiyo, Januari watoto wataandika wapi?

Nimekuja na fomu zenyewe. Wanaotaka kuziona tuonane baada ya chai.