KWA NINI WAPILOTI WANAACHA JESHI
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wafanyakazi



Mara nyingi tunasikia watu wakisema: fundi anayeacha kazi ni mtu wa tamaa, anafuata feza tu. Leo tupime neno hilo kwa mfano wa mbali, ule wa jeshi la ndege la Marekani, lenye feza kupita majeshi yote ya ndege.

Piloti wa vita hapatikani kwa siku moja. Hesabu zilizotolewa 2019 zilionyesha ya kama kumfundisha piloti mmoja wa ndege F-16 kunakula dola zaidi ya milioni 5, na wa F-22 karibu milioni 11. Kwa hiyo akimaliza masomo anafungwa na kontra ya miaka 10. Miaka hiyo ikiisha ana ruhusa ya kwenda. Hakimbii, wala havunji sheria. Na wengi wanakwenda. Mwaka wa 2017 jeshi lilitangaza ya kama limepungukiwa wapiloti 2,000, ni kusema karibu mmoja kwa kila kumi.

Wanakwenda katika kampani za ndege za abiria. Huko wazee wanatoka kazini wakitimiza miaka 65, na wapya wanatafutwa. Tangu 2013 sheria inataka piloti wa abiria awe ameruka saa 1,500, lakini aliyefundishwa na jeshi anaweza kuingia na saa 750. Mlango uko wazi, na mshahara ni mkubwa.

Basi wakubwa wa jeshi wakasema: tuongeze matabishi. Yalikuwa dola 25,000 kwa mwaka; 2017 yakapanda mpaka 35,000; 2023 yakafika 50,000 kwa wengine waliokubali kontra mpya. Wako waliobaki. Lakini wengine walizikataa feza hizo, wakaenda. Kwa nini?

Waliulizwa, wakajibu. Neno la kwanza ni nyumba. Ndege za Marekani zililinda anga ya Iraki toka 1991 mpaka 2003. Zikapigana Afganistani toka 2001 mpaka 2021. Tangu 2014 zikatumwa tena Iraki na Siria. Piloti anarudi, hajafungua mizigo, anaitwa tena. Mtoto anakua bila kumjua baba. Piloti wa abiria naye analala mbali, lakini anajua mbele siku zake za kazi, na kadiri miaka yake ya kazi inavyoongezeka anachagua safari.

Neno la pili ni kazi yenyewe. Makarani wa vikosi walipunguzwa, na makaratasi yao wakapewa wapiloti. Mwaka wa 2013, feza ya serikali ilipokatwa, vikosi vingi vya vita vilisimamishwa kuruka kwa miezi. Mtu aliyejifunza kuruka akabaki kuandika buroni. Mwaka wa 2016 wakubwa wenyewe waliona hatari hiyo, wakaanza kuondoa kazi hizo za kuongezwa. Sisi tunaoshika kalamu kila siku hatudharau karatasi. Lakini mpe dereva wa mashini kubwa kalamu mwaka mzima, uone kama atakaa.

Wandugu, hayo yanatugusa. Tarehe 30 Juni 1960 inchi yetu ilipata uhuru, na katika Force Publique hapakuwa na Mukongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Tunajua hasara ya inchi isiyo na mafundi wake. Kuwafundisha ni nusu ya kazi; kuwatunza ni nusu ya pili.

Hatusemi mshahara si kitu. Mshahara mbaya unafukuza watu. Lakini fundi akiacha kazi, kabla ya kumwita msaliti, tuulize: alipata siku za kukaa na watu wake? Alifanya kazi aliyojifunza? Alipolalamika, nani alimsikiliza? Wanachama wapeleke maulizo haya mbele ya wakubwa wa kazi, kwa heshima na bila woga, kabla fundi hajafunga mizigo.